Upendo Si Joto la Moyo

Wahubiri wengi hutueleza upendo wa Kikristo kama joto la moyoni. Mimi siridhiki, maana joto huja likapoa. Kila nisikiapo habari za upendo huwakumbuka wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, nchini Rwanda. Usiku mmoja wa Machi 1997, wakiwa katika masomo ya jioni, waliingiliwa na watu wenye bunduki, wakaamriwa wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa, wakajibu kuwa wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao wakauawa papo hapo.

Hawakuwa wajinga wa hatari. Mahali hapo hapo Nyange, Aprili 1994, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya Watutsi waliokimbilia ndani. Kwa vijana wa Kihutu, kusogea hatua mbili tu kungaliwaokoa.

Wala sidhani kwamba wote walikuwa marafiki. Sisi tuliolala mabwenini twajua ugomvi wa ndoo na sabuni. Pengine yuko aliyekufa kwa ajili ya mwenzake ambaye asubuhi ile alimnyima salamu.