Kiama cha dola milioni 200: tuangalie au tulale?

Najua nimepotea. Wiki nzima ilikuwa testi juu ya testi, na bumu nalo halijatoka, kwa hiyo mkiniona napita kantini nimeinamisha kichwa mjue sijagombana na mtu. Nakwepa harufu ya chipsi tu. Teh teh teh.

Haya, tuingie kwenye mada. Ijumaa usiku testi zimeisha, umeme upo, jamaa wa chumba cha jirani akaingia na flashi yake. "Oyaa, humu ndani nina 2012, ile ya mwisho wa dunia." Rumeti wangu akasema hiyo muvi ya zamani, imetoka 2009, kila mtu kashaiona na dunia yenyewe haikuisha. Mi nikasema sijaiona. Wakaniangalia kama nimesema sijawahi kula ugali.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naikwepa. Sababu nitaisema huko chini. Basi tukabanana watu saba kwenye vitanda viwili, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa, spika ya kuazima, karanga kwenye gazeti. Tukaanza.

Kwa ambao hamjaiona (kama mpo), aliyeitengeneza ni Roland Emmerich, Mjerumani mmoja ambaye kazi yake maishani ni kubomoa majengo ya watu. Ndo huyohuyo wa Independence Day ya 1996 na The Day After Tomorrow ya 2004. Hii ilimla kama dola milioni 200 na ikaingiza zaidi ya milioni 790 duniani kote. Urefu wake dakika 158. Yaani saa mbili na nusu na ushee za watu kufa.

Hadithi yenyewe inakwenda hivi. Jua linatoa neutrino nyingi kuliko kawaida, zinapasha moto kiini cha dunia, ardhi inaanza kuteleza kama ganda la chungwa. Mwanasayansi wa Marekani, Adrian (Chiwetel Ejiofor), anaarifiwa na mwenzake wa India. Wakubwa wa dunia wanaambiana kimyakimya, halafu wanaunda meli kubwa kule milima ya Himalaya, upande wa China. Mwananchi wa kawaida haambiwi kitu. Kama una hela unauziwa tiketi: euro bilioni moja kwa kichwa kimoja.

Stelingi wetu ni John Cusack. Ni mwandishi wa vitabu ambavyo havinunuliwi, sasa anamwendesha tajiri wa Kirusi kwenye limuzini. Anapata fununu, anakwenda kumchukua mke waliyeachana, watoto wawili, na bwana mpya wa huyo mke, na wanaanza kukimbia. Los Angeles inazama nyuma ya gari lao. Barabara inapasuka, ghorofa zinaanguka, na limuzini inapita katikati ya jengo kama sindano. Chumba kizima tukasimama! Jamaa mmoja wa Uhandisi akawa anapiga kelele "kanyaga, kanyaga!" mpaka mlinzi wa hosteli akagonga mlango.

Nikiri kabisa: kwa upande wa macho, hela ilitumika. Nimeona manowari inaletwa na wimbi inaangukia Ikulu ya Marekani. Nimeona ufa kwenye dari ya Sistine ukipita katikati ya kidole cha Mungu na cha Adamu. Nimeona Yellowstone ikilipuka. Kama unataka kuona vitu vikivunjika, hii ni harusi.

Kwa upande wa akili ndo kuna mgogoro. Kwenye kitanda cha juu alikuwepo mtu wa Fizikia, hakutupa raha. Akasema neutrino zinapita mwilini mwako sasa hivi, matrilioni kila sekunde, na hukuzisikia hata siku moja, sasa zitachemsha dunia vipi? Na ile habari ya Wamaya nayo, tarehe 21 Desemba 2012 ilikuwa mwisho wa mzunguko mmoja wa kalenda yao ya siku nyingi. Ukiisha mmoja unaanza mwingine, kama sisi tunavyotundika kalenda mpya ukutani Januari. Kipindi kile watu waliogopa kweli, mpaka NASA wakalazimika kutoa maelezo kwamba hakuna kitu.

Halafu mwisho wa muvi. Jamani! Maji yamefunika dunia, meli zinaelea, mara habari inakuja kwamba bara la Afrika limeinuka lote, halikuzama. Milima ya Drakensberg ya Afrika Kusini ndo sasa paa la dunia. Kwa hiyo meli zinageuza pua kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Rumeti wangu akashika kichwa. "Wanakuja TENA? Na meli? Kwa njia ileile ya Vasco da Gama?" Tulicheka mpaka laptopu ikataka kuanguka. Maana Mreno naye alizunguka rasi hiyohiyo mwaka 1497, na mwaka uliofuata alikuwa Mombasa na Malindi.

Ila baada ya kicheko mtu mmoja akauliza swali zuri: kama Afrika haikuzama, si ina maana huko kuna watu wazima, hawakulipa euro hata moja, wanaamka asubuhi wanachota maji? Mbona hatuoneshwi hata mmoja amesimama ufukweni? Tunaoneshwa wenye tiketi wanafurahia jua, halafu dunia kwa mbali, basi, majina yanapanda. Hapo nikaanza kuichukia kidogo.

Sasa ile sababu yangu.

Wengi wenu hapa chuo mnanijua kama mtu wa Mabwepande. Kabla ya Mabwepande tulikaa Jangwani, bondeni kabisa, karibu na Mto Msimbazi. Desemba 2011 nilikuwa na miaka minane. Nchi ilikuwa ndo imetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru, siku chache kabla ya Krismasi mvua ikashuka Dar es Salaam, mafuriko yakaua makumi ya watu na maelfu wakabaki hawana pa kulala. Mwaka mmoja tu kabla ya ile tarehe ya Wamaya.

Nawaambia kitu: maji ya kweli hayaji kama ya Emmerich. Hayana muziki. Hayasimami kwa mbali kama ukuta ili upate muda wa kumkumbatia mwanao. Yanaingilia chini ya mlango, meusi, yana harufu ya choo, yanabeba ndala zako mwenyewe yanakuletea kitandani. Nakumbuka sufuria ikielea na wali wa jana ndani yake. Nakumbuka baba akinisukuma juu ya bati. Tulikaa pale mpaka mchana, wakaja wanaume wenye kamba na tyubu za matairi wakatushusha mmojammoja.

Mwaka uliofuata, tumeshahamia Mabwepande, kibanda umiza cha kule kwetu kiliweka hii muvi, ile yenye sauti ya DJ anayetafsiri. Nikalipa mia yangu. Maji yalipoanza kuunguruma kwenye spika nikatoka nje, mia ikaliwa. Sikurudi tena mpaka Ijumaa hii.

Na Ijumaa sikutoka. Ila hakikuwa kipande cha maji kilichonikamata. Ni kipande cha dakika moja tu, wengine walikuwa wanagombea karanga. Yule mwanasayansi wa India, aliyegundua mambo yote tangu mwanzo, anampigia simu Adrian. Aliahidiwa ndege ya kuja kumchukua na familia yake. Ndege haikuja. Amesimama na mkewe na mtoto, wimbi linaonekana, anaaga. Basi. Aliyewaambia wote ndo aliyesahauliwa.

Usiku ule sikulala. Jumamosi asubuhi nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bumu limetoka?"

"Bado. Mama, ile siku ya maji Jangwani, nani alituamsha?"

Akanyamaza kidogo. Akasema ni yule kijana wa mkokoteni. Nikamkumbuka. Baba alikuwa hamsalimii, walishagombana kwa sababu alikuwa anaegesha mkokoteni wake mbele ya mlango wetu. Mama anasema alfajiri ile alipita mlango kwa mlango anagonga na ubao, anapiga kelele amkeni maji, na kwetu aligonga zaidi kwa sababu baba ana usingizi mzito.

Nikauliza: "Na sisi, tulimgongea nani?"

"Hatukumgongea mtu, mwanangu. Tulipanda juu."

Alisema hivyohivyo, bila kuongeza neno. Halafu akaniuliza kama nakula.

Nimekaa na jibu hilo siku mbili sasa. Maana Ijumaa tulikuwa tunamshangilia stelingi, na stelingi anafanya nini hasa? Anapaki familia yake kwenye kindege, wanapaa, na chini watu wanadondoka kutoka kwenye maghorofa, na kamera inapita juu yao kama wanapita juu ya kichuguu cha mchwa. Sisi tunapiga makofi kwa sababu watoto wake wamepona. Hata kule mwishoni, lango la meli linashindwa kufunga kwa sababu ya yeye na wenzake walivyojipenyeza, nusura waue maelfu, halafu anazama kulirekebisha anatoka shujaa. Mi nilikuwa kwenye kile kindege, wadau. Kilikuwa cha bati. Nilikaa juu nikaangalia jirani zetu wanavyohangaika, na nilifurahi kwamba sio mimi. Miaka minane, sawa, simlaumu mtoto. Baba na mama nao siwalaumu, walikuwa na watoto watatu na dakika chache. Ila yule kijana naye alikuwa na dakika hizohizo chache, na alikuwa na mkokoteni wake wa kuokoa.

Rumeti wangu nilipomsimulia akasema, "Sasa si ndo maana muvi haziwezi kumfanya kijana wa mkokoteni awe stelingi? Angekufa dakika ya kumi." Nikamwambia huyu hakufa. Mama anasema alionekana Magomeni baadaye, anabeba magodoro ya watu.

Kwa hiyo turudi kwenye swali: tuangalie au tulale?

Jibu langu: angalia, mara moja, na uangalie na watu. Usiangalie peke yako na usitafute sayansi humo. Mpe Emmerich haki yake kwenye kuvunja vitu, pale hana mpinzani. Kama muda wako ni mdogo, ondoka baada ya Los Angeles, hutakosa sana. Ila ukikaa mpaka mwisho, subiri ile simu kutoka India, na subiri Adrian anapowabana wakubwa pale langoni wawafungulie watu waliobaki nje. Hapo muvi inakaribia kusema kitu cha kweli: kwamba swali la kiama sio maji yatafika wapi, ni nani ataambiwa, na aliyeambiwa atamgongea nani. Inakaribia, halafu inaogopa, inarudi kumuokoa mbwa. (Ndiyo, mbwa anapona. Mhindi wa watu hakupona.)

Nikiisahihisha kama testi naipa 55 kwa 100. Haijashika sup, ila isije ikaringa.

Kitu cha mwisho. Hapa hosteli kwetu ghorofa ya chini kunajaa maji kila masika, mnajua wenyewe. Jana nimezunguka vyumba vya chini na rumeti wangu, tumechukua namba za simu za kila chumba, kuanzia wale wa mwaka wa kwanza tusiowajua mpaka yule jamaa wa kona ambaye hatuongei tangu ile ishu ya pasi ya umeme. Alinipa namba yake huku ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia mvua ikianza usiku usizime simu.

Akauliza, "Kwani umeota nini?"

Nikamwambia nimeangalia muvi.

Haya wadau, jumatatu njema. Mwenye desa la Takwimu anistue.