Pumzika, Mama

Kiswahili hakikosi maneno ya kumsawiri mtu aliyelemewa na umri: kikongwe, ajuza, shaibu, kibiongo. Yasikilize maneno mkongojo na kujikongoja yakiwa bega kwa bega, na picha hujichora yenyewe: mgongo uliopinda, hatua fupi, macho yanayotazama ardhi. Katika ngano zetu ni nadra mno kukutana na bibi kizee aliyesimama wima. Kupinda huko kumechukuliwa kuwa sehemu ya umri sawa na mvi, na aghalabu hakuna anayeuliza kumetoka wapi.

Mama mmoja wa Murang'a, mwenye umri wa miaka 72, hakuuliza pia. Marinda yake yalikuwa yameanza kuning'inia chini zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, naye akamlaumu fundi wa cherehani. Kisha asubuhi moja ya mvua akateleza mlangoni mwa zizi, akajizuia kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. (Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, mama huyu alivunjikia huko huko.) Daktari aliyemhudumia alishangaa kwamba anguko dogo namna ile liliweza kuvunja mfupa, akaagiza mgongo nao upigwe picha. Ikabainika kuwa pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea kitambo, kimyakimya. Alipopelekwa Nairobi kupimwa uzito wa mifupa, matokeo yakawa chini ya hasi 2.5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 1994 kuwa mpaka wa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuwa dhaifu.

Mfupa si jiwe. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na ubomoaji huanza kuushinda ujenzi. Kwa hayo alipewa dawa, akasisitiziwa maziwa na omena, samaki ambao huliwa pamoja na mifupa yao. Hakuna aliyebishana naye kuhusu dawa wala omena.

Ubishi ulizuka kuhusu kazi. Wanawe walikutana Jumapili wakakata shauri: asichote maji, asifagie, asikame, asikanyage shambani. Kiti cha plastiki kikawekwa barazani, na kila aliponyanyuka sauti ya mkazamwana wake ikasikika kutoka jikoni: "Pumzika, mama." Ulikuwa upendo wa dhati. Ilikuwa pia hofu ya macho ya majirani, kwa kuwa mavyaa akionekana amebeba ndoo, anayesemwa ni mke wa mwanawe.

Masikini, mapumziko hayo yalikuwa yakiitafuna mifupa ile ile yaliyokusudiwa kuilinda. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake kuwa mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Wanaanga wamelithibitisha hilo kwa miili yao: wakiwa angani, pasipo uzito, mfupa wa nyonga huweza kupoteza takribani asilimia 1 ya uzito wake kila mwezi. Kiti cha barazani hakifanyi kazi kwa kasi hiyo, ila kinaelekea huko huko.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyepewa kumhudumia alikuwa kijana aliyemwita "shosho" tangu salamu ya kwanza. Hakuanza kwa kuuliza panapouma. Aliuliza, "Shosho, zamani ukiamka ulikuwa unafanya nini mpaka jioni?" Mama akasimulia kwa kirefu: kuni zilizofungwa kwa ukanda wa kichwani, ufagio mfupi, karai la nguo lililowekwa chini, palizi. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kuwa kazi hizo zote zilimtaka ainame. Tatizo, alisema, si mzigo. Ni mkunjo.

Kauli hiyo ina msingi. Mwaka 1984 watafiti wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 59 wenye mifupa dhaifu ya mgongo. Miongoni mwa waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16 walipata mivunjiko mipya. Kwa waliofanya ya kujikunja mbele, asilimia 89. Na kwa wasiofanya mazoezi yoyote, asilimia 67. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini pengo hilo ni vigumu kulipuuza.

Basi mama akafundishwa kusimama kisogo na visigino vikigusa ukuta. Akafundishwa kunyanyuka kitini bila kutumia mikono, kuinuka kwa vidole vya miguu akishika meza, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ili asianguke tena. Huko Queensland, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha koma hedhi wanaweza hata kunyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki na mifupa ya mgongo ikaongezeka uzito; walifanya hivyo chini ya jicho la wataalamu, na si jambo la kuigwa nyumbani na mwenye pingili zilizobonyea.

Safari ya tatu kijana aliomba mkazamwana aje pia. Alikuja akiwa amenuna. "Watu watasema nimemgeuza mama punda," akasema. Mama akamjibu, "Na kile kiti, mwanangu, watasema umenigeuza nini?"

Wakapatana, kwa shida. Ufagio ukatiwa mpini mrefu, karai likapandishwa juu ya meza, ukanda wa kuni ukatundikwa ukutani moja kwa moja. Kifundo kilipopona kabisa, mama akaruhusiwa kubeba vidumu viwili vya lita mbili, kimoja kila mkono, kutoka tangi hadi jikoni, mgongo ukiwa wima. Pingili zilizobonyea hazikurudi, wala kimo kilichopotea hakitarudi. Ila sasa hunyanyuka kitini mara kumi mfululizo, akihesabu kwa sauti ili jikoni wasikie.

Suala la kukama bado linazozaniwa. Kijana anasema kuchutama chini ya ng'ombe ni kuinama. Mama anasema ng'ombe huyo hamkubali mtu mwingine.