Adabu ya Kuisoma Biblia

Wengi wetu tuliisikia Biblia kabla ya kuisoma. Tuliisikia mazishini na arusini, katika hotuba za viongozi na katika magomvi ya majirani. Na hata leo twaiona mistari yake imeandikwa nyuma ya mabasi na juu ya milango ya maduka. Kitabu hiki kimetufikia vipande vipande, kila kipande kikiletwa na mtu mwenye haja yake. Si ajabu basi kwamba wengi hudhani wanaijua Biblia, kumbe wanachokijua ni mistari michache. Katika insha hii twataka kueleza kwa nini yafaa tuiache desturi hiyo, na tusome namna gani badala yake. Hatusemi na Wakristo peke yao. Biblia, kama ilivyo Kurani, imechangia sana lugha na fikira za watu wetu, na kila mwanafunzi, awe wa dini yoyote au asiwe na dini, ana haki ya kujua jinsi ya kuisoma.

Neno Biblia lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vitabu. Waprotestanti wanahesabu humo vitabu 66, na Wakatoliki 73. Mna masimulizi, sheria, nasaba, mashairi, mithali, maono na nyaraka. Hakuna mwalimu wa fasihi atakayemruhusu mwanafunzi asome utenzi kama asomavyo tangazo la serikali. Vivyo hivyo, tusomapo Zaburi tukumbuke kwamba tunasoma mashairi, ambayo husema kwa mafumbo na kwa uchungu wa moyo. Tusomapo sheria, tuulize ziliwekewa watu gani. Tusomapo waraka, tukumbuke kwamba ni barua, na kwamba barua ina mwandishi, ina mpokeaji, na ina shauri lililosababisha iandikwe.

Huenda msomaji akaona kwamba hayo ni mambo ya darasani tu. Historia yatuonyesha vingine. Mwaka 1807 kilichapwa mjini London kitabu cha sehemu teule za Biblia, kwa ajili ya watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Waliokitengeneza waliacha kisa cha wana wa Israeli kutolewa utumwani Misri, bali waliibakiza amri ya watumwa kuwatii mabwana zao. Hawakuandika uongo wowote. Walichagua tu, na uchaguzi ule ulitosha kukigeuza kitabu.

Matunda ya uchaguzi wa namna hiyo yalionekana hata baada ya utumwa kwisha. Mhubiri Howard Thurman, Mmarekani Mweusi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi alivyokuwa akimsomea Biblia bibi yake, ambaye alizaliwa utumwani na hakujua kusoma. Bibi huyo alikataa kusomewa nyaraka za Paulo, isipokuwa mara moja moja ile sura ya 13 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, isemayo habari za upendo. Sababu yake ilikuwa kwamba mhubiri wa bwana wake alizoea kuwahubiri watumwa maneno ya Paulo ya kuwataka watii. Akaapa kwamba akipata uhuru, hatazisoma tena sehemu zile.

Sisi hatuwezi kumlaumu bibi huyo. Lakini sisi tujuao kusoma twaweza kufanya lile alilonyimwa yeye, yaani kuufungua waraka mmoja na kuusoma wote. Tuuchukue, mathalani, waraka kwa Filemoni. Una sura moja tu yenye mistari 25. Watetezi wa utumwa huko Marekani waliutumia kuwa hoja ya kuwarudisha watoro kwa mabwana zao, wakisema kwamba Paulo alimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni.

Ni kweli alimrudisha. Lakini tukisoma kutoka mwanzo twaona kwamba mwandishi ni mfungwa, na kwamba barua yake haikupelekwa kwa Filemoni kwa siri, bali imewataja na wengine, pamoja na kanisa likutanalo nyumbani mwake. Maana yake ni kwamba Filemoni atajibu mbele ya watu. Paulo asema kwamba angeweza kuamuru, lakini achagua kusihi. Jina Onesimo kwa Kiyunani lina maana ya mwenye kufaa, na Paulo alichezea jina hilo, kwamba asiyefaa zamani sasa amekuwa wa kufaa. Kisha amtaka Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu. Na kama kuna deni, Paulo aahidi kulilipa. Mwisho aomba atayarishiwe mahali pa kulala, yaani anakusudia kuja kujionea mwenyewe.

Twajifunza pia kuyatenga yaliyoandikwa na yale tuliyoambiwa. Wengi husimulia kwamba Onesimo alitoroka, au kwamba aliiba. Waraka hausemi wazi lolote kati ya hayo. Wasema tu kwamba kama amemdhulumu bwana wake au anadaiwa. Hausemi wazi, vilevile, kwamba Filemoni amwandikie mtumwa wake hati ya uhuru. Msomaji mwaminifu hana budi kuyakiri yote mawili, hata kama moja lampendeza na jingine halimpendezi. Ndivyo ilivyo na wale mamajusi wa Mathayo. Mathayo ametaja zawadi tatu, lakini idadi ya mamajusi hakuitaja.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili liko jambo jingine, nalo ni tafsiri. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale likajengwa kanisa kuu la Mkunazini. Miaka ile Askofu Edward Steere alikuwa akifasiri Maandiko kwa lugha ya Unguja. Alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima kwa lugha hiyo ilitoka mwaka 1891, miaka sita kabla hali ya utumwa haijafutwa kisheria kisiwani humo, mwaka 1897. Miongoni mwa wanafunzi wa misheni ile walikuwamo vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Tufikiri basi jinsi neno mtumwa lilivyosikika masikioni mwao.

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, mwanzoni mwa waraka kwa Warumi, Paulo ajiita mtumwa, kisha ajiita mtume. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili yametoka katika kitenzi kimoja, kutuma. Kwa Kiyunani hayana undugu huo. Lugha yetu imeongeza jambo ambalo mwandishi hakulitia, na jambo lenyewe ni zuri. Lakini yafaa tujue kwamba limetoka kwetu. Kwa hiyo panapo tafsiri mbili, heri tuzisome zote mbili na kuzilinganisha.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa amekwisha kufasiri tamthilia za Shakespeare, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, nazo zikachapwa mwaka 1996. Mtu ageuzaye kitabu kizima kuwa utenzi hana njia ya kuruka mstari usiompendeza; kila neno lazima lipite mkononi mwake. Si kila mmoja wetu atatunga tenzi, lakini subira ile twaweza kuiiga.

Twawashauri walimu waanze na waraka huo wa Filemoni, ambao kipindi kimoja chatosha kuusoma wote kwa sauti. Wanafunzi waulizwe ni nani anena, anamwambia nani, ni nani anayesemewa bila yeye mwenyewe kusema, na ni jambo gani halikutajwa. Jibu la Filemoni halimo katika Biblia. Baada ya kusoma, wanafunzi wapewe karatasi waliandike.