Mwezi Mmoja Katika Nyumba ya Kupanga, Buzebazeba

Wengine hutuletea katika gazeti hili habari za miji ya mbali. Safari yangu mimi ni fupi, kutoka vilima vya Kasulu mpaka mji wa Kigoma-Ujiji, kilometa 90 hivi. Walakini nalipata huko somo ambalo sikulipata katika miaka yote niliyowafundisha wakatekumeni, nami naona si haki nilifiche.

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni, Padre wetu alinipa ruhusa nipumzike mwezi mmoja. Watoto wetu watatu walikuwa hawajapata kuliona ziwa. Hatuna jamaa mjini, na nyumba za wageni zingalimaliza fedha zetu kwa juma moja. Basi nikapanga chumba na sebule katika mtaa wa Buzebazeba. Tukapakia katika gari magodoro, vyandarua, jiko la mkaa, sufuria tatu na gunia dogo la maharage ya shamba letu, tukateremka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya namna mnayoijua ninyi mkaao mijini. Mbele ina baraza; ndani ukumbi mrefu, na vyumba huku na huku; nyuma uani, penye bomba moja, choo, na mahali pa kupikia pa watu wote. Wapangaji tulikuwa nyumba nne. Mwenye nyumba ni bibi mzee, Mwislamu, na wapangaji wenzetu walikuwa Waislamu pia. Alitupokea barazani, watoto wakamwamkia shikamoo, naye akatueleza sheria za nyumba: kufagia uani ni kwa zamu, fedha ya umeme huchangwa kila nyumba sawasawa, ndoo hupangwa penye bomba kwa kadiri ya kuja, wala mtu hamwondolei mwenziwe, na mlango wa uani hufungwa saa nne ya usiku. Nikaitika yote. Lakini moyoni nalikuwa nimejiwekea sheria yangu ya tano, ambayo sikumwambia mtu: kwamba sisi tutakaa peke yetu. Naliwaza, Mimi ni mwalimu wa dini. Nikichanganyika mno na watu hawa, watoto wangu watajifunza nini?

Jioni ile ile tulikuwa tukifungua mizigo, na jiko letu lilikuwa halijawashwa. Akaja binti wa jirani na bakuli lililofunikwa kawa, ndani yake dagaa waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo juu ya sinia. Akasema, "Mama anasema, karibuni wageni." Nikamjibu, "Mshukuru mama, umwambie tumekwisha kula." Mtoto akasimama kidogo, akatazama jiko letu, kisha akarudi na bakuli lake.

Mama watoto hakusema neno mbele ya watoto. Walipolala na mkate mkavu wa safarini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, jiko letu liko uani, na watu wote wameliona kuwa halina moto." Sikuwa na jibu. Katika siku ya kwanza ya likizo yangu nalikuwa nimesema uongo mbele ya wanangu, tena kwa kukikataa chakula kilicholetwa kwa upendo. Nikalala vibaya. Alfajiri nikasikia sauti ya mwadhini, na katika vyumba vingine watu wakaamka kimya, maji yakamwagika bombani. Mara ya kwanza nilikasirika kwa kuamshwa. Kisha nikaona aibu, kwa kuwa wao walikuwa wameondoka kitandani kumwomba Mungu, na mimi mwalimu nalikuwa nimejifunika shuka. Nikapiga magoti. Tangu siku ile sauti ile ikawa saa yangu ya sala.

Kulipokucha nikaenda barazani kwa bibi, nikamwambia yote kama yalivyokuwa, nikamwomba anipeleke kwa yule mama. Bibi akacheka hata akapangusa machozi. Akasema, "Mwalimu, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Wewe umeshinda watu wote: umeirudisha imejaa!" Akaniita mwanangu, akanishika mkono, tukaenda. Yule mama hakunilaumu, alisema tu, "Nalidhani watoto watalala na njaa." Neno hilo lilinichoma kuliko lawama.

Mchana ule mke wangu akapika maharage ya Kasulu, akajaza bakuli nne, watoto wakazipeleka. Kuanzia hapo uani ukawa mmoja. Mama wale wakamfundisha mke wangu kupika mgebuka kwa mawese, na kuwachagua dagaa wasio na mchanga. Watoto wao wakawachukua wangu mpaka Kibirizi, kuona dagaa wakianikwa. Huko wakajifunza kwamba wavuvi hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, dagaa huja kwenye mwanga, na kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, maana taa zao hazina nguvu tena. Wakaambiwa pia kwamba ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470, hata duniani pote ni ziwa moja tu lililo na kina zaidi, la Baikal nchini Urusi. Mwanangu mdogo akauliza, "Baba, nani alishuka kupima?" Nikamwambia kuwa hupimwa kwa vyombo juu ya maji.

Siku moja nikawachukua watoto Ujiji, penye ukumbusho wa Dkt. Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Ipo miembe, nayo husemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa siku zile. Watu wengi hukumbuka mkutano ule tu. Lakini Livingstone mwenyewe aliandika habari nyingine katika kitabu chake cha kila siku. Alikuwa amerudi Ujiji mgonjwa na amechoka, akakuta vitu vyake vimeuzwa vyote na mtu aliyewekewa amana. Kabla Stanley hajafika, Mwarabu mmoja wa mji, jina lake Sayyid bin Majid, alimwendea faraghani, akajitolea kuuza pembe zake za ndovu ili ampe vitu. Livingstone alishukuru, akasema bado kwanza. Niliposimama pale nikakumbuka bakuli la dagaa.

Jioni nikamsimulia bibi. Naye akanipa sehemu ya pili ya habari. Alisema kwamba wazee wake walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, nao hawakuvuka kwa hiari yao. Ujiji ulikuwa kituo cha njia ya pembe na watumwa, iliyokwenda kupitia Tabora hata Bagamoyo pwani. Wengine walipelekwa mbele. Wengine, kama wazee wake, wakabaki hapa. Akasema, "Wazee wangu walifika mji huu bila jiko wala sufuria, Mwalimu. Mtu akawapa chakula. Kwa hiyo katika nyumba hii mgeni halali na njaa." Sikuweza kusema neno kwa kitambo.

Ndugu zangu walimu, na wazazi, hatukubadilishana dini. Kila Jumapili tulikwenda kanisani, na bibi ndiye aliyewahimiza watoto wasichelewe. Ijumaa sisi tulifagia uani badala ya jirani zetu, ili wapate kwenda msikitini kwa nafasi. Walituuliza habari za imani yetu kuliko nilivyoulizwa mahali po pote, nami nikawajibu bila mashindano. Kama nalifuata ile sheria yangu ya tano, nani angaliniuliza?

Kumbukeni Mtume Paulo. Alipofika Rumi, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya siku zile, hakupewa jumba. Alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake, askari akimlinda, akawakaribisha watu wote waliomjia. Alikuwa mfungwa, na mlango wake ulikuwa wazi. Mimi nalikuwa mtu huru, na siku ya kwanza nikaufunga mlango wangu mbele ya mtoto aliyebeba bakuli.

Siku ya kuondoka bibi hakukubali tumwage maharage yaliyobaki katika pipa lake. Alisema tuyapike yote, tule pamoja barazani. Tukala. Gari lilipokuja, yule binti akamletea mke wangu kifurushi cha dagaa wakavu. Safari hii nilikipokea mwenyewe, kwa mikono miwili.