Siku za Kwanza Katika Jahazi

Sisi tuliosomea ualimu bara twaijua bahari kwa ramani na chaki. Twawaambia watoto ya kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na ya kwamba mwezi ndio uyavutao, hata kila siku yakakawia karibu dakika 50 kuliko jana. Katika likizo ya Desemba, wakati wa joto na pepo za kaskazi, walimu wawili tulitaka kuiona hesabu hiyo ikifanya kazi yake. Basi tukatafuta jahazi liendalo kusini kutoka Tanga. Gari lingalitufikisha upesi, lakini gari halina habari na mwezi.

Mwezi ulikuwa umeandama, na maji yalikuwa bamvua. Nahodha akatuagiza tulale chomboni, kwa kuwa maji yangejaa yapata saa 10 alfajiri, naye angeng'oa nanga mara yaanzapo kutoka. Shehena ilikuwa saruji na unga. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama kijana na mtoto wake wa miaka 2, waendao Kipumbwi kwa wazazi wake.

Tulitoka gizani. Umande, yaani upepo wa bara, ulitusukuma polepole mpaka tukaupita mnara wa taa wa Ulenge. Jua lilipopanda umande ukafa, tanga likaning'inia, na bahari ikawa kama mafuta ndani ya bakuli. Nahodha hakusema neno. Hata ilipopata saa 3 kaskazi ikaanza kuvuma, foromali ikalia, na mabaharia waliokuwa wamelala wakaruka kushika kamba.

Tulipokuwa mbele ya Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, tuliwasimulia wenzetu habari za Vasco da Gama, kwa maana mwalimu hanyamazi hata likizoni. Mwaka 1498 chombo chake kimoja, São Rafael, kilipanda fungu upande huu kabla ya kupambazuka, kikakwama mpaka maji yalipojaa tena yakakiinua. Januari 1499, katika kurudi kutoka Bara Hindi, Wareno walikichoma moto pwani hii hii. Mabaharia wao wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Nahodha akauliza, "Mara ile ya kwanza, hawakuwa na rubani mwenyeji?" Tukajibu kwamba walikuwa na marubani waliowatwaa Msumbiji, lakini hawakuaminiana. Akatikisa kichwa, akaurudia usukani wake.

Saa 8 mchana tulifika mbele ya mto Pangani. Mlango wa mto huo una fungu la mchanga, na mawimbi yalikuwa yakivunjika juu yake meupe. Nahodha akaamuru tanga lishushwe na nanga itiwe. Tangu asubuhi yule mtoto alikuwa akitapika, nasi tulidhani ni bahari tu. Sasa mwili wake ulikuwa moto, na macho yamelegea. Mji tuliuona, hata minazi yake tungaliweza kuihesabu.

Mama akasema, "Baba nahodha, mwanangu anakwisha."

"Namwona, binti yangu. Lakini maji hayajatosha."

Abiria wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema kwamba mwenye roho ya kibinadamu angalijaribu. Wakatugeukia sisi, wakitutaka tuseme naye, eti neno la walimu lina uzito. Tulimwendea, tukamwuliza jambo moja tu: yabaki muda gani? Akatuonyesha alama ya maji katika pondo, akasema, "Saa moja na nusu. Tukipanda mchanga na mzigo huu wa saruji, wimbi la pili litatulaza ubavu. Hapo si mtoto mmoja." Hesabu yetu ya chaki ilipatana na yake, lakini kuitamka mbele ya mama yule hatukuweza.

Nahodha akafungua kilemba chake, akapanda omoni, akakipunga kwa muda mrefu. Ngalawa moja ya wavuvi, iliyokuwa ikielekea mtoni, ikageuka ikatujia. Chombo kile hakihitaji maji mengi. Mama akashushwa, mtoto akafungwa kifuani pake kwa kanga mbili, na kijana mmoja katika mabaharia akaenda nao. Tuliwaona wakiingia katika mawimbi. Mara ya kwanza ngalawa ilipotea machoni petu. Ya pili tukaiona imeinua pua. Kisha ikawa ndani, penye maji matulivu chini ya Bweni. Aliyenung'unika zaidi ndiye aliyeketi kwanza.

Sisi tuliingia saa 9 na nusu, pasipo kugusa.

Siku ya pili ilikuwa ya kushusha saruji, wala haina mengi. Jioni kijana yule akaleta habari kutoka hospitali: ilikuwa malaria, dawa imeanza kazi, mtoto ameomba uji. Nahodha alikuwa akishona tanga. Akasema, "Alhamdulillahi," akauliza kama nauli ya ngalawa imelipwa.

Siku ya tatu tulitoka maji yalipojaa, alfajiri. Mama alibaki Pangani kwa ndugu yake. Mizigo yake tukaichukua sisi mpaka Kipumbwi. Yapata saa 4 maji yalikuwa yamepungua sana, na mbele yetu fungu la Maziwe likaanza kutokeza. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje; sasa ni mchanga mtupu, nao hufunikwa maji yajaapo. Nahodha akatuonyesha mahali alipokuwa akifunga kamba ya mashua katika shina la mti alipokuwa mtoto. Palikuwa na ndege weupe wawili, wamesimama majini.