Kingi Haruhusiwi Kukataa Kula

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Bujumbura. Kazi yenyewe haina makuu. Kila Jumamosi mchana nafungua chumba kimoja cha Buyenzi, vijana wakimbizi wanaingia pamoja na wenzao wa mtaani, tunaongea, tunajifunza Kifaransa kidogo, halafu tunacheza dama. Mbao tunazo tatu. Kete ni vifuniko vya chupa, upande mmoja vya bia, upande wa pili vya Fanta. Kete ikifika mstari wa mwisho kwa adui inakuwa kingi, na hapo tunamvika kofia, maana yake tunaweka kifuniko cha pili juu yake. Wanaosoma Kifaransa wanamwita dame, sawa na mchezo wenyewe. Waliokulia kambi za Tanzania wanamwita kingi, na jina hilo ndilo limeshinda.

Nataka kuandika juu ya huyo kingi na sheria zake, kama ni za haki ama hapana. Unaweza kucheka. Lakini mwezi wa saba 2025 kingi mmoja alikaribia kutuvunjia kikundi, na kosa lilikuwa langu.

Kwanza nguvu zake. Ubao wetu ni ule wa kimataifa, una nyumba 100, ila tunachezea zile 50 nyeusi tu, kila mtu na kete 20. Kete ya kawaida inaenda mbele hatua moja ya mshazari, ingawa katika kula inaruhusiwa kurudi nyuma. Kingi yeye anaruka. Anapita mshazari wote, mbele na nyuma, mradi njia iko wazi. Akimkuta adui njiani na nyuma ya huyo adui kuna nafasi, anamla kutoka mbali na kutua nyumba yoyote iliyo wazi baada yake. Mtoto akiona hivyo mara ya kwanza anadhani mchezo umekwisha. Anatoa kete tatu, nne, bila hesabu, ili apate kofia tu.

Na mimi nilikuwa hivyo. Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuwa ananiacha nivae kofia, hata ananivika yeye mwenyewe kwa heshima zote, kisha anasogeza kete moja kwenye njia ya kingi wangu. Sheria inasema kula ni lazima. Nakula. Anasogeza ingine. Nakula tena, na safari hiyo nimetua mahali ambapo ananila mimi pamoja na kete zangu mbili. "Mtoto wangu," aliniambia, "anayefika mbali anaitwa kutoka mbali."

Hilo ndilo watu hawalioni katika sheria za kingi. Kete ndogo inalazimishwa na jirani yake tu. Kingi analazimishwa na yeyote aliye kwenye mshazari wake, hata yuko mwisho wa ubao. Halafu kukiwa na njia mbili za kula, lazima ufuate ile yenye kete nyingi zaidi, na katika kuhesabu, kingi ni kichwa kimoja sawa na kete yoyote. Sheria inahesabu vichwa, haiangalii kofia. Kuna na lingine: kete zilizoliwa haziondolewi mpaka ulaji umalizike, na huruhusiwi kuruka moja mara mbili. Kwa hiyo kingi anaweza kula watatu, halafu wale wale aliowala wakasimama kama ukuta, wakamzuia asiende mbele, akabaki hapo anangoja kuliwa. Wafaransa wanaliita pigo la Kituruki. Sijawahi kulipanga mimi. Nimepigwa nalo mara mbili.

Mtu akiniuliza kingi ni sawa na kete ngapi, nasema inategemea saa. Ubao ukiwa umejaa, si zaidi ya mbili, na ukimpata mapema umejipa mgonjwa wa kuuguza. Kete zikipungua, toa tatu bila kujuta. Na mwisho kabisa, kingi mmoja aliyeshika mshazari mkubwa, ule wa nyumba kumi unaotoka kona hadi kona, hata kingi watatu hawamshindi akiwa macho. Kanuni za mashindano zinawapa hatua 16, zikiisha ni sare. Nampenda huyo kingi wa mwisho kuliko yule mwenye kurukaruka.

Sasa nije kwenye kosa. Tulipanga mashindano, zawadi ya kwanza kilo mbili za sukari, na wewe wa Bujumbura unajua sukari ni habari gani siku hizi. Fainali walifika kijana wa Buyenzi na kijana wa Luvungi, wa miaka 16, aliyevuka Ruzizi na mama yake Februari ile Bukavu ilipoanguka. Walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo na maelfu ya wengine kabla ya kufika kwa mama mdogo hapa mjini. Alikuwa hasemi sana. Kwenye ubao alikuwa anasema.

Katikati ya mchezo alikula kete moja, akatua mstari wa mwisho, na kutoka hapo kulikuwa na ingine ya kula kwa kurudi nyuma. Alichukua kifuniko, akajivika kofia, akaanza kula kama kingi, kutoka mbali, kete mbili. Mwenzake akapiga kelele. Wote wakanigeukia.

Nilifungua simu nikasoma kanuni za kimataifa, kwa Kifaransa, lugha ambayo yule kijana haisomi. Zinasema hivi: kete ikigusa mstari wa mwisho katikati ya kula, na bado ina cha kula, inaendelea kama kete ya kawaida na haivai kofia. Lazima imalizie hapo ndiyo ihesabiwe. Nikamwambia, "Ulipita tu. Hukufika."

Akaniangalia. "Kaka, mguu wangu ulikanyaga pale. Kwetu tunachezaka hivi, ukifika umefika."

Alikula ile moja, akabaki katikati ya ubao bila kofia, akashindwa. Wakongomani wakasimama wote. Mmoja akasema ni kwa sababu ni mkimbizi, na aliniambia mimi, niliyevuka mpaka ule ule mwaka 2004 nikiwa na miaka mitano. Sukari ikaenda Buyenzi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sita.

Baadaye ndiyo nikatafuta zaidi, na nikaona aibu. Tukio lile lile lina majibu matatu duniani. Kwa Waingereza, kete ikifika inavikwa kofia na zamu inaishia hapo, haili tena. Kwa Warusi inakuwa kingi pale pale, katikati ya kuruka, na inaendelea kula kama kingi. Ndiyo sheria ya kijana wangu, neno kwa neno, na kuna watu wanaipigania ubingwa kabisa. Ile ya kupita bila kuvikwa ni ya kimataifa. Mimi nilishika moja kati ya tatu nikaisema kama amri ya Mungu, baada ya mtu kuwa amekwisha kucheza.

Hata hivyo sheria yenyewe bado naitetea. Kama kugusa kunatosha, anayejilinda hana dawa. Kwa sheria yetu anayo, lakini anailipia: anatoa kete moja zaidi ili akuvute utoke kwenye mstari wake kabla hujavikwa. Huo ni mchezo mzuri. Ubaya wangu ni kwamba sikuisema kabla, na nilijua vizuri ni nani niliyemwambia "ulipita tu".

Nilinunua kilo moja kwa pesa yangu nikaipeleka kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanirudishia mfuko. "Kama alishindwa, alishindwa. Kama alishinda, ni kilo mbili."

Wiki ya tatu kijana akarudi mwenyewe. Nikawasimulia Baba Sy wa Senegal, aliyepaswa kucheza na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovyeti kugombea ubingwa wa dunia, mechi isifanyike. Alikufa mwaka 1978. Mwaka 1986 shirikisho likatangaza kwamba bingwa wa 1963 alikuwa yeye. Nilidhani nawapa moyo. Kijana wa Luvungi akauliza, "Sasa hiyo kofia walimvika nani?" Sikuwa na jibu, tukaendelea.

Siku hizi sheria ziko ukutani, kwenye katoni, kwa Kiswahili. Ubao wa kwanza na wa pili tunacheza kimataifa. Wa tatu ni wa Luvungi, na kofia inavaliwa njiani. Aliandika yeye mwenyewe kwa makaa.

Jumamosi iliyopita tulicheza naye kwenye ubao wa kwanza. Alikuwa na kingi watatu, mimi mmoja, nimeshika mshazari mkubwa. Nikahesabu kwa sauti mpaka 16, nikanyoosha mkono kumpa sare. Akasema hatua ya tisa niliihesabu mara mbili. Vijana wakagawanyika, nusu kwake, nusu kwangu. Tukarudisha kete zilipokuwa, akakaa mtu mwingine kuhesabu.