Vifaa Vipya, Kumbukumbu za Zamani

Kama unadhani wanandoa hununiana kwa sababu ya simu za usiku tu, subiri gari lenu la otomatiki lianze kugonga kila likiingia gia ya pili. Kwetu kasheshe lilifika mpaka kwenye akiba ya kiwanja.

Tulikuwa tumeshabadilisha vali za giaboksi pamoja na solenoidi zake, vile vidude vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili. Bili yake si mchezo! Tukalipa, tukatoka gereji tunachekelea. Kufika mataa ya Mwenge, gari likagonga vilevile, tena kwa kishindo zaidi.

Mume wangu akasema hapa dawa ni kununua giaboksi nzima ya mtumba, pesa ya kiwanja itarudishwa baadaye. Baadaye lini? Nikakataa katakata. Siku mbili nyumbani tukawa tunaongea ya lazima tu: funguo ziko wapi, chumvi imekwisha.

Fundi wa pili, kijana mmoja anayetembea na laptopu, alichomeka waya wake, akatikisa kichwa. "Dada, vifaa vyenu vizima. Kompyuta ndiyo bado inaishi na vile vya zamani."

Kumbe kompyuta ya giaboksi hujifunza. Kila gia inapobadilika, inapima klachi za ndani zimechukua muda gani kushika, halafu inaongeza au kupunguza presha ya oili. Vali zikichoka, yenyewe inazoea kufidia uchovu ule. Sasa ukiweka vali mpya bila kufuta mazoea hayo, inaendelea kuzisukuma kama wagonjwa, ndiyo kile kishindo. (Nilitamani kumuuliza kama mashine yake inafuta na kumbukumbu za wanaume.)

Kufuta kwenyewe kulichukua dakika chache. Kabla ya hapo alihakikisha oili ni ya aina sahihi, akapima kiwango chake ikiwa na joto linalotakiwa na watengenezaji. Akatuambia magari mengine solenoidi mpya huja na namba zake, na namba hizo lazima ziingizwe kwenye kompyuta. Na wale wanaosema chomoa betri tu yatakwisha? Kwa magari mengi betri haifuti kitu.

Kazi ikabaki kulifundisha gari upya. Jumapili saa 12 asubuhi tukashika barabara ya Bagamoyo, fundi kiti cha nyuma. Unaondoka taratibu, unakanyaga mafuta kidogo, mguu hautikisiki, mpaka gia zipande moja moja. Kisha unapunguza mwendo polepole hadi kusimama. Unarudia. Kila gari na utaratibu wake, ila haraka haitakiwi. Mume wangu, anayeendesha kama anafukuzwa, aliambiwa "Kaka, taratibu, bado linajifunza" mara tatu, mwishowe akanipa usukani mwenyewe. Nadhani ilikuwa raundi ya nane, gia ya pili ikaingia kimya. Akazima redio ili asikilize ya tatu.

Fundi ametupa wiki moja ya kuendesha kistaarabu, kisha alipime tena. Likianza kuteleza au taa ikiwaka, basi tatizo ni la chuma, kufuta hakutasaidia. Mume wangu amekubali masharti yote. Ila wiki hii dereva ni mimi.